Muhuri Kwenye Paja la Zuhura

Mwanangu alikuwa na siku arobaini na sita duniani, hana jino hata moja, hajui hata kushika kidole chake mwenyewe, na dresa akaniambia amelamba zambarau.

Alisema hivyo bila kuinua kichwa, anafungafunga vibahasha vya dawa. "Msimu wake huu, mama. Midomo ya watoto wote wa Nachingwea iko hivi. Nenda kamwoshe."

Dresa, kwa ninyi mliozaliwa juzi, alikuwa mtu wa kufunga vidonda na kugawa vidonge pale ambapo daktari hayupo, na daktari siku nyingi hakuwepo. Mara ya kwanza nilipompelekea Zuhura, wiki hiyohiyo, aliniambia ni baridi. Nilirudi nyumbani. Mara hii ya pili alisema zambarau, nikasikia kitu ndani yangu kinakatika taratibu, bila kelele, kama nyuzi za kamba ya kuanikia zinazokatika mojamoja mpaka shuka zote zinalala chini.

Nilikuwa mama kijana, mwenye hasira za karibu, na nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, jambo ambalo kwa binti wa kijiji cha Mtua wakati ule lilikuwa sawa na kuota pembe. Sikupiga kelele. Nilimlaza mtoto juu ya vibahasha vyake vya dawa.

"Zambarau hufutika," nikasema. "Chukua pamba. Futa."

"Mama, nina watu wanasubiri."

"Futa."

Alilowesha pamba akafuta midomo. Akafuta tena. Pamba ilibaki nyeupe, midomo ikabaki na ile rangi ya jivu lililochanganywa na maji ya zambarau. Akamshika mkono akatazama kucha, nazo zilikuwa hivyohivyo. Hapo ndipo aliponyanyua uso akanitazama kwa mara ya kwanza, na sikupenda nilichokiona usoni mwake, maana alikuwa ameogopa.

"Mvue," alisema. "Mvue nguo zote."

Nilimfungua winda, kile kitambaa ambacho siku hizi mnakiita nepi. Lilikuwa jipya, jeupe, zuri. Na kwenye paja la mwanangu, chini kidogo ya nyonga, palikuwa na herufi mbili za zambarau iliyokolea, zimepindua mpangilio kama kwenye kioo. W kabla ya M. Mali ya Wodi.

Muhuri ule nilikuwa nimeupiga mimi kwa mkono wangu.

*

Ninyi mnaoanza kazi ya dobi sasa, mnaokuta kanuni imebandikwa mlangoni na mnanung'unika kwamba inawachelewesha, kaeni niwaambie ilikotoka. Kumbukumbu zangu za kazi haziji kwa mpangilio. Zinakuja kama mvuke wa pipa: mara unaona mti, mara huuoni, mara unaona mtu amesimama pale na alishakufa zamani.

Nyumba yetu ya dobi ilikuwa ukingoni mwa kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo pori lilifyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga. Kuni zilikuwa tele, visiki vimelundikwa kama vilima. Maji ndiyo yalikuwa shida. Tulifua shuka za kambi na nguo zote za wodi ya wazazi, na asubuhi, jua linapochomoza nyuma ya kamba ishirini za shuka nyeupe, mtu ungeapa kwamba nyumba nzima imeng'oa nanga inakwenda zake mawinguni. Mpaka leo nikisinzia mchana nasikia zile shuka. Hazisemi kitu. Zinapumua tu.

Mimi nilikuwa karani wa nguo. Nilishika ufunguo wa stoo, niliandika kilichotoka na kilichorudi, na nguo mpya ikifika nilipiga muhuri, kwa sababu shuka lisilo na alama lilikuwa na miguu. Wino ulikuja kwenye chupa nyeusi na ulinuka kama dawa ya viatu iliyoachwa juani. Nilifundishwa kazi na Mzee Chilumba, Mmwera wa Ruangwa aliyeanza udobi Lindi akiwa na ndevu nyeusi na kuja kwetu zikiwa nyeupe. Alikuwa mgomvi. Aligombana na pasi, na jua, na mke wake, lakini nguo alisema nazo kwa upole kama anabembeleza mgonjwa.

"Nguo mpya ina kelele, binti," aliniambia siku ya kwanza. "Lazima uinyamazishe."

"Inanyamazishwaje?"

"Kwa maji matatu. Maji ya kwanza kabla ya muhuri, baridi, inalala humo kutwa nzima. Halafu muhuri. Halafu maji ya pili, ya moto, yachemke mpaka pipa liimbe. Ya tatu ya kusuuza. Yakiwa bado yana rangi, hayo siyo ya tatu, hata kama umeshahesabu tatu."

Nilimuuliza kwa nini kuchemsha baada ya muhuri, wakati nguo haijavaliwa na mtu. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini mtu anatumia mdomo kula. "Kwa sababu nimesema."

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, wanangu. Mtu akikufundisha kazi bila sababu, wewe unabeba kazi bila sababu, na siku akija mwingine akakwambia iache, huna cha kumjibu.

Mwingine alikuja. Mzee Chilumba aliondoka kurudi shambani kwake Ruangwa, nami nikaenda kujifungua. Alipoletwa msimamizi mpya, Bwana Idi, kijana safi wa Lindi mjini mwenye saa ya mkononi, alikuta mashine ya kuvutia maji imeharibika na maji yanaletwa kwa lori mapipa machache kwa siku. Akakaa akapiga hesabu ya maji, akaona nguo mpya zinakunywa mara tatu bila kuchafuka hata mara moja. Akayafuta maji ya pili na ya tatu. Sikuwepo, lakini hata ningekuwepo ningenyamaza. Nasema kweli.

*

Kwetu mtoto mchanga havai kipya kabla ya arobaini. Anafungwa nguo kuukuu za bibi yake, zilizofuliwa miaka mpaka zimekuwa laini kama sikio. Kipya kinangoja arobaini itoke. Wengi wanadhani ni umaskini. Mama yangu aliniambia ni ili mtoto azoee harufu ya ukoo. Mimi baada ya yote haya nadhani mabibi walijua kitu ambacho hawakuwa na jina lake. Siku zote arobaini Zuhura alikuwa mwekundu wa midomo, ananyonya kama ana deni la kudai.

Arobaini ilipotoka nilirudi kazini naye mgongoni. Asubuhi hiyo nilipiga muhuri furushi zima la mawinda ya wodi. Bwana Idi alikuja, akamchekea mtoto, akamtekenya shavu.

"Shemeji, huyu bado anavaa matambara? Karani wa nguo mtoto wake anavaa matambara?" Akachomoa mawinda matatu juu kabisa ya furushi, wino bado unang'aa. "Zawadi ya dobi. Alama iache hivyohivyo, mtu akiuliza mwambie mimi nimetoa."

Alitoa kwa moyo mzuri. Nataka mlielewe hilo. Katika habari hii yote hakuna mtu aliyetaka ubaya, na ndiyo maana ilitaka kutuua.

Nilimfunga winda palepale. Mchana mtoto akawa mzito, analala asiamke kunyonya, midomo imefifia. Nikaenda kwa dresa, akasema baridi. Nyumbani nikamkanda kwa maji ya moto, nikamvua winda nikamfunga matambara yake, na kufikia alasiri alikuwa amerudi rangi yake, analia. Nilimshukuru Mungu nikasahau.

Ijumaa wageni wa mume wangu walikuja kumwona mtoto. Mama mkwe akavuta lile tambara kwa ncha za vidole.

"Mkwe, utamtoa hivi mbele za watu? Lile jipya liko wapi?"

"Liko kwenye kikapu, mama."

"Basi mvalishe, tuonekane watu."

Akamvalisha mwenyewe, winda la pili, halijaguswa na maji tangu lipigwe muhuri. Wageni walimsifu mtoto wakapokezana, na kabla chai haijaisha mmoja akauliza, kwa sauti ya adabu, "Huyu mtoto midomo yake huwa hivi?"

Nilimchukua nikakimbia kwa dresa, na dresa akanena ile habari ya zambarau.

*

Baada ya kuona muhuri, dresa hakutania tena. Alichota maji mwenyewe, tukamwosha Zuhura paja lile kwa sabuni mpaka ngozi ikalainika kama ya mtu aliyekaa mtoni. Nikamfunga kanga yangu kuukuu. Tulikaa tukimtazama kama watu wanaotazama chungu. Rangi ilirudi polepole, ikianzia kwenye ulimi.

"Kuna mwingine," dresa alisema, akiitazama pamba yake. "Wodini, juzi. Mama mmoja kutoka kijiji cha Chiola. Bibi yake alikuja akamchukua mtoto, wakaondoka bila ruhusa."

"Na yule ulimwambia amelamba nini?"

Akaanza kuokota vibahasha vyake. Alikuwa mtu mzuri pia, baadaye nilimfulia makoti yake kwa miaka mingi, lakini siku ile sikumwonea huruma.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Idi. Alikuwa anapanga mawinda ya wodi, mafurushi manne, yamepigwa pasi yamenyooka kama vitabu. Yalikuwa yaende Jumatatu asubuhi.

"Haya yasiende," nikasema. "Tuyachemshe kwanza."

"Mama Zuhura, nguo hii imetoka kwenye robota. Haijavaliwa na mtu. Uchafu utoke wapi?"

"Si uchafu. Ni wino."

"Wino umeandikwa kwenye chupa, ni wa nguo."

"Wa nguo. Sikusoma mahali palipoandikwa wa mtoto."

Akacheka kidogo. "Shemeji, kwa nini usiseme ni ile buluu tunayotia kwenye nguo nyeupe? Nayo ni buluu, na mtoto wako kawa buluu."

"Ile inatiwa kwenye shuka zote za kambi, na wewe unalalia. Nionyeshe ulimi."

Aliacha kucheka, akasema neno la kweli, na ndilo lililokuwa gumu: "Maji hayo nitayatoa wapi? Yanakuja kwa lori, unayaona. Nikichemsha haya, wodi inalala kwenye shuka chafu. Mzee wako alikuwa na mashine inayovuta. Mimi nina mapipa."

Sababu ya kuchemsha sikuijua. Nilikuwa na muhuri kwenye paja tu. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo ninyi msilifanye, au mkilifanya mjue linagharimu nini. Nilisubiri atoke kuswali, nikafunga stoo, nikatia ufunguo kwenye pindo la kanga, na Jumamosi alfajiri, Zuhura mgongoni, nikapanda lori la ufuta kwenda Ruangwa.

Njiani, lori liliposimama kupakia, alikaa karibu nami mama kijana mwenye mtoto amemfunga kaniki ya zamani. Tukaulizana tunakotoka. Akasema Chiola. Nikamtazama mtoto: mzima, mnene, ananyonya.

"Wewe ndiye uliyetoroka wodini?"

"Sikutoroka, nilitoroshwa." Alicheka huku amefunika mdomo. "Mama yangu alimwona mtoto akasema ile nguo ya hospitali ina watu ndani yake. Akaivua akaichoma moto palepale njiani. Akamfunga kaniki yake. Hatujafika Chiola mtoto kafumbua macho."

Nilikaa juu ya magunia ya ufuta, vumbi jekundu likitufunika kama usingizi, nikiwaza kwamba yule bibi wa Chiola alikuwa ameona mbele kuliko dresa, na msimamizi, na mimi mwenye darasa la kumi. Alikosea jina tu.

*

Mzee Chilumba nilimkuta anagombana na kuku. Hakuniitikia vizuri.

"Umekonda. Nani anashika pipa langu?"

"Bwana Idi."

"Anachemsha baada ya muhuri?"

"Hapana."

Akaacha kuku. Alikaa chini polepole kwenye kigoda, akamtazama Zuhura kwa muda mrefu, akamgeuza mkono akatazama kucha.

"Ilimpata?"

"Mara mbili. Mzee, ulijua?"

"Nijue nini?" Alitoa ugoro akausahau kiganjani. "Ule wino ukiunusa asubuhi, mchana kichwa kinakugonga na kucha zinakuwa kama za maiti. Mimi zilinipata nikiwa Lindi. Nikaona nikiichemsha nguo, hainipati. Nilikuwa nachemsha kwa ajili ya kichwa changu, binti. Watoto sikuwawaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia dobi mzima anaogopa wino? Ungenicheka."

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, miaka yote. Mzee aliona aibu, akaifanya aibu yake kuwa amri, na amri isiyo na sababu ikafutwa na kijana mwenye saa.

Alinionyesha kazi aliyokuwa ameificha. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua alama mpya: kikitoka na rangi, nguo hiyo bado. Iweke juani kwenye mfuko uliofungwa, fungua, nusa: ikinuka wino, bado. Chemsha, anika mpaka ikauke kabisa, sugua tena. Hayo mpaka leo nayafanya kwa nguo yoyote mpya ya mjukuu, iwe imetoka dukani kwa mtu gani. Na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, msiviweke kwenye sanduku la nguo za mtoto. Nguo ikinukia sanduku, ianike siku mbili kabla ya kumgusa nayo.

Daktari aliyeletwa baadaye alitueleza kwamba wino wa namna ile hupita kwenye ngozi laini, hasa nguo ikilowa mkojo na kupata joto, ukaingia kwenye damu, damu ikashindwa kubeba pumzi. Aliandika kanuni: nguo yoyote iliyotiwa alama isitolewe kabla ya kuchemshwa na kusuuzwa mpaka maji yawe safi. Ndiyo hiyo mlangoni. Kambi ililetewa lori la pili la maji. Bwana Idi aliibandika yeye mwenyewe, kwa misumari mingi kuliko inavyohitajika. Lakini hayo yalikuja baada ya Jumatatu, na Jumatatu hiyo mimi sikujua kama nina kazi, wala kama mume wangu atanielewa.

*

Nilirudi Jumatatu asubuhi, nikaenda kushitaki, nikakuta nimeshatanguliwa. Bwana Idi alikuwa ametangulia kwenye ofisi ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa siku zile, kwenye baraza, kushitaki kwamba karani wake wa nguo ameiba ufunguo na wodi haina nguo. Karani wa ofisi alikuwa na daftari wazi. Hewa ilikuwa na ukungu mwembamba, na sauti zao zilinifikia kana kwamba wanasema ndani ya maji.

"Huyo hapo," alisema Bwana Idi. Hakuwa na hasira. Alionekana hakulala. "Shemeji, toa ufunguo mambo yaishe."

"Nami nina malalamiko," nilimwambia karani.

"Subiri zamu yako, mama. Unamlalamikia nani?"

"Nipe karatasi. Nitaandika mwenyewe."

Akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni, akanisogezea karatasi na kalamu, nadhani ili apate la kusimulia jioni. Niliandika nikiwa nimesimama. Wino wa ofisi haukuwa na harufu. Nakala ninayo bado, imefifia, lakini inasomeka:

"Kwa Bwana Shauri, Nachingwea.

Mimi, Mwanahawa binti Selemani, karani wa nguo katika nyumba ya dobi, nalalamika kwamba mawinda mapya ya wodi ya wazazi yamepigwa muhuri wa wino wenye sumu na hayakuchemshwa. Watoto wawili ninaowajua wamegeuka rangi wakakaribia kufa, mmoja wa Chiola na mmoja wangu. Wote walipona walipovuliwa. Dresa ni shahidi.

Mlalamikiwa wa kwanza ni mimi mwenyewe, niliyepiga muhuri na sikuuliza. Mlalamikiwa wa pili ni msimamizi, aliyeondoa maji ya kuchemshia kwa sababu maji hayakuwepo. Wa tatu ni yeyote anayetuletea maji kidogo.

Naomba iwekwe sheria, iandikwe pamoja na sababu yake, ili atakayekuja baada yetu asiifute.

Ufunguo wa stoo nauacha juu ya karatasi hii. Usirudishwe kwa mtu yeyote, mimi nikiwemo, mpaka kila winda liwe limechemshwa."